Mzigo wa 'Kipaza Sauti': Istilahi za Gita la Kidijitali

Neno 'kipaza sauti' limebebeshwa mzigo mzito mno. Katika Helix ya Line 6, mtambo uliotolewa mwaka 2015 kuiga milio ya vifaa vya gita, mpigaji huteua kikuza sauti, kasha la spika na maikrofoni. Chochote kati ya hivyo huweza kuitwa kipaza sauti! Athari yake si ya kikamusi tu. Spika ya gita hufifisha sana milio inayozidi hezi 5000 hivi. Kikuza sauti kisipooanishwa na kasha, gita hukwaruza masikio. Marshall huoanishwa aghalabu na kasha la spika nne za inchi 12, Twin Reverb ya Fender na mbili. Anayefundisha uoanishaji huu hana budi kuzitenga istilahi hizo tatu. 'Kipaza sauti' liachiwe mikutano ya hadhara.