Kidole tumbo na mimba ya miezi sita

*Daktari, nina mimba ya wiki 24. Tangu jana naumwa tumbo upande wa kulia na natapika. Mama mkwe anasema ni mtoto anajigeuza. Je, yaweza kuwa kidole tumbo? Nikipasuliwa, mwanangu atapona?*
*Mama K.*

Mama K., nenda hospitali leo. Mtoto akijigeuza huuma na kuacha. Kidole tumbo huanza kuuma karibu na kitovu, kisha maumivu huhamia kulia na kukaza, hasa ukikohoa au gari likiruka tuta. Mimba ikikua inaweza kukisukuma juu, ndiyo maana wengine hudhaniwa wana ugonjwa wa nyongo. Kipimo cha damu pekee hakitoshi: chembe nyeupe huongezeka kwa mjamzito hata akiwa mzima. Huanza altrasaundi, isipoonyesha, MRI, ambayo haitumii mionzi ya eksirei.

Upasuaji hufanyika mimba ikiwa na umri wowote. Kinachomhatarisha mtoto zaidi ni kidole tumbo kupasuka, kuliko kisu cha daktari. Usinywe dawa ya kuharisha wala kukandwa tumbo (mama mkwe atusamehe). Usile kitu njiani, beba kadi ya kliniki. Ukipata homa, tumbo likawa gumu, ukaona damu au mtoto akapunguza kucheza, hiyo ni dharura, hata iwe saa nane usiku.