Baraza la mbao linayumba, fundi hapokei simu

SWALI: Mwalimu, fundi alinijengea baraza la mbao karibu na ziwa, hapa Kalemie. Nilimlipa pesa zote mbele. Mvua za kwanza tu, mbao zimepinda na nguzo zinacheza. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, mama. Kwanza watoto wasipande tena juu yake. Kisha chimba kidogo penye mguu wa nguzo. Kama imezikwa udongoni, ugonjwa ni huo: mti huoza hasa pale unapokutana na ardhi, na ardhi yetu ya kando ya Tanganyika hulowa sana. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu. Nguzo inatakiwa isimame juu ya zege, iinuliwe sentimeta 15 hivi kutoka kwenye udongo. Mbao zilizopinda, nadhani zilipigiliwa zikiwa mbichi. Hata muvula, mti mgumu namna ile, hupinda usipokaushwa. Kwa hiyo kosa ni la kazi, si la mvua.

Piga picha, umtafute jirani aliyeona ukilipa. Mwandikie fundi barua, mpe siku 10 arekebishe, na nakala umpelekee chefu wa kartie. Sheria ya mikataba ya 1888, kifungu cha 33, inasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Akikaidi, nenda mahakama ya amani.

Fundi mwingine akija, mlipe kwa awamu, na sehemu ya mwisho uishike mpaka mvua kubwa ipige baraza.