SOMO LA KUJIFUNZA: SEKENKE, DHAHABU YA NYIKANI

Tusafiripo kutoka Singida kwenda Nzega huteremka mlima Sekenke, katika Wilaya ya Iramba. Chini yake yaenea mbuga ya Wembere, kavu na yenye joto wakati wa kiangazi. Mahali hapo watu walikusanyika kwa sababu ya jiwe. Na tujifunze habari zake.

Kabla ya mwaka 1910 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba dhahabu Sekenke. Dhahabu yake imo ndani ya mishipa ya jiwe jeupe gumu. Haiokotwi; jiwe hupasuliwa, husagwa na kuoshwa. Kazi hiyo yataka maji, kuni na mikono mingi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912; basi mgodi ulianza kabla treni haijakaribia.

Ilipokuja vita ya 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na fedha kutoka Ujerumani zikaadimika. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zikapigwa sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja yuko tembo mbele ya milima, upande wa pili tai. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Leo sarafu zile hutafutwa na wakusanyaji wa nchi za mbali.

Twaona nini hapa? Katika sarafu hiyo mna tembo, mna tai, mna mwaka, mchimbaji hamna. Wakati wa Waingereza kazi ilirudi, kisha mgodi mkubwa ukafungwa. Wachimbaji wadogo wangali wakichimba.

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, chataja wachimbaji wafanyao kazi mahali pasipopita watu, kisha chatugeuza tufikiri juu ya hekima, isiyonunuliwa kwa dhahabu. Hekima hiyo twaihitaji hata leo. Wachimbaji wadogo wengi nchini hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Moshi wake hauonekani sana, lakini hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni. Yatupasa kuwaambia ndugu zetu: zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto, mama mjamzito asiiguse, na kitumike chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke. Dhahabu ikiisha, mwili ulioharibika hubaki na mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi:
1. Ni nani katika ukoo wetu aliyewahi kufanya kazi migodini? Alituachia habari gani?
2. Mgodi ukifungwa, kijiji kitaishi kwa nini?
3. Tufanye nini ili watoto wetu wawe darasani, wasiwe shimoni?