Ng'ombe Wakiibwa, Moyo Usiibwe



Wilaya zetu za Tarime na Serengeti ni wilaya za mifugo. Ng'ombe ndio wanaotupa maziwa. Ndio wanaokokota plau. Ndio mahari ya vijana wetu. Basi zizi likivunjwa usiku, hawaondoki ng'ombe peke yao. Kijana aliyetaka kuoa anakwama. Shamba linachelewa kulimwa. Mtoto anakosa maziwa. Hasara hiyo tunaijua.

Wizi wa mifugo ni wa zamani, kati ya koo na koo, na kuvuka mpaka wa Kenya. Lakini baada ya Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilizagaa na damu ikamwagika zaidi. Walioibiwa walikwenda kuiba. Walioibiwa safari hiyo nao wakaenda. Mara nyingi aliyelipizwa kisasi hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa ukoo ule tu, amelala nyumbani kwake. Je, ng'ombe waliopiganiwa wako wapi leo? Walikwisha chinjwa au kuuzwa. Lakini wajane na yatima walibaki.

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye Wakristo na Waislamu wote wanamjua, yaani Ayubu. Biblia inasema alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Siku moja watu wa Seba walivamia. Wakachukua ng'ombe na punda, wakaua wachungaji. Moto ukateketeza kondoo. Wakaldayo wakachukua ngamia. Kisha upepo ukaangusha nyumba, na watoto wake 10 wakafa.

Kumbe Ayubu alikuwa mfugaji aliyeibiwa, kama sisi! Alifanya nini? Alilia. Alirarua nguo zake. Baadaye alimwuliza Mungu maswali makali. Lakini hatusomi mahali popote kwamba alikusanya watu kwenda kuwalipiza wale wa Seba. Uchungu wake aliupeleka kwa Mungu, hakuupeleka kwenye zizi la mtu mwingine.

Rafiki zake walikuja, wakakaa naye siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walipoanza kusema ati ameadhibiwa kwa dhambi zake, waliharibu. Basi tukienda kwa mwenzetu aliyefiwa au kuibiwa, tukae naye. Tumsaidie kuteka maji na kukata kuni. Tusimtafutie makosa, wala tusimchochee.

Mwishoni Ayubu aliwaombea rafiki hao, na Mungu akampa mali mara mbili. Akapata watoto wengine 10. Lakini wale wa kwanza hawakurudi. Kwa hiyo tusimtumaini Mungu kama mtu anayeweka mbegu ili avune mara mbili. Tunamtumaini ili moyo usioze wakati tunapongoja.

Wengine watasema: "Kumtumaini Mungu ni kukaa kimya na kuonewa." Siyo hivyo. Mwenye kumtumaini Mungu anapiga yowe usiku ule ule. Anafuata nyayo pamoja na wanakijiji na polisi. Anapeleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwenye ritongo la wazee. Anadai haki yake mchana, mbele ya watu. Jambo analokataa ni moja tu: kumtoza asiye na kosa.

Upande wa Serengeti kuna hasara nyingine. Tembo hutoka hifadhini wakala mahindi na mtama kwa usiku mmoja. Hapo pia uchungu unaweza kumsukuma mtu kufanya jambo litakalomfikisha gerezani au kaburini. Kanuni za Serikali za mwaka 2011 zinaruhusu kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyama wakali. Fedha hiyo hailingani na hasara. Hata hivyo ni haki yako. Toa taarifa kijijini mara moja, kabla alama hazijafutika shambani.

Wazee walisema: hasira hasara. Mwizi akichukua ng'ombe wako, umepata hasara moja. Akikuachia chuki, ukawarithisha wanao, umepata hasara ya pili, na hiyo inaweza kudumu kuliko ya kwanza. Ng'ombe wanaweza kununuliwa tena polepole. Kijana aliyekufa kwa kisasi hanunuliwi.

Tuombe, tulie, tudai haki, tulime tena.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ayubu aliibiwa mifugo gani, na nani?
2. Rafiki zake walifanya vema wapi, na walikosea wapi?
3. Kijijini kwenu mtu akiibiwa, majirani humsaidia au humchochea? Mnaweza kubadili nini?