Kununua na Kuuza Nyumba Wakati wa Kiangazi

Kila mwaka, baada ya Krismasi na kabla ya mvua za Machi, mashauri ya ardhi huongezeka kwenye meza ya mapokezi ya kituo cha polisi. Sababu zake zafahamika. Mavuno ya msimu wa pili yamekwisha kuuzwa. Watoto waliotafuta maisha mijini wamekuja nyumbani na akiba zao. Shule zinafunguliwa na karo inadaiwa. Tena udongo ni mkavu, na mwenye nia ya kujenga hutaka kuweka msingi kabla ya matope. Huu ndio msimu ambao nyumba na viwanja kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale hubadilisha mikono kwa wingi. Ndio pia msimu ambao baadhi ya wenye nyumba huandika ukutani, kwa rangi na kwa herufi kubwa, kwamba nyumba hii haiuzwi. Mgeni hucheka akiona maandishi hayo. Mwenyeji hacheki, kwa kuwa ajua kwamba mara nyingi mwandishi wake anamwogopa mtu wa nyumbani mwake kuliko mwizi wa mbali.

Tuweke mfano. Si kisa cha mtu mmoja, bali ni mambo yanayojirudia yaliyokusanywa mahali pamoja.

Kijana auzaye mitumba Malaba ameweka akiba kwa miaka sita. Dalali anamleta Mukuju kuona nyumba ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma na mabati, yenye miembe miwili na choo kipya. Mwenye nyumba ni mzee mpole. Asema anauza kwa ajili ya karo, na kwamba yuko mtu wa Mbale atakayekuja kesho na fedha taslimu.

"Na mama yuko wapi, mzee?" kijana auliza.

"Mama yako amekwenda kumuuguza dada yake. Lakini mwanangu, haya ni mambo yetu wanaume."

Jioni ileile mkataba unaandikwa kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa LC1 anagonga muhuri, fedha zinahesabiwa kwa mwanga wa simu. Siku kumi baadaye mama anarudi, mzigo kichwani, na kukuta kufuli geni mlangoni pake.

Wote watatu huja kituoni, kila mmoja akiamini kwamba haki ni yake. Mzee asema ardhi ni ya baba yake. Kijana aonyesha karatasi yenye muhuri. Mama hana karatasi yoyote. Ana miaka yake aliyoishi hapo, na watoto aliowazaa hapo. Nami naomba msomaji aelewe vema jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha somo letu: mbele ya sheria ya Uganda, kati ya watu hao watatu, mwenye msimamo imara kuliko wote ni yule asiye na karatasi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kuwa cha 39, na hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2004, yakataza mtu kuuza, kubadilishana, kuweka rehani, kukodisha au kutoa bure ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Ardhi ya familia si ile tu iliyo chini ya nyumba wanayolala. Ni pamoja na shamba ambalo familia hupata riziki kwalo. Haijalishi jina lililo katika hati ni la nani, wala haijalishi kwamba mume aliirithi kwa babaye. Sheria haisemi kwamba mauzo yasiyo na ridhaa yana kasoro ndogo ya kurekebishwa baadaye. Yasema ni batili. Mnunuzi aliyelipa hapati nyumba. Anachobaki nacho ni haki ya kumdai aliyempokea fedha.

Hapo ndipo msiba wa kijana wetu ulipo. Haki ya kudai fedha kwa mtu aliyekwisha kulipa karo, kununua pikipiki na kumaliza madeni ya kilabuni ni haki nzuri kwenye karatasi. Miaka sita ya akiba imekwenda, na huenda ikarudi kwa vipande vidogovidogo kwa muda mrefu kuliko ule ilioukusanyiwa.

Angefanya nini? Angekataa kuharakishwa, kwanza. Mtu wa Mbale anayekuja kesho na fedha taslimu ni mtu ambaye sisi polisi tumemsikia mara nyingi sana katika maelezo ya mashahidi, wala hatujabahatika kuonana naye. Kisha angerudi mchana, siku mama yupo, akaketi na familia yote: mume, mke, watoto walio watu wazima, mzee wa ukoo, na majirani wanaopakana na kiwanja pande zote nne. Sheria yataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na kwa usalama wa mnunuzi iwe ya maandishi, yenye sahihi au alama ya dole gumba mbele ya mashahidi, baada ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Kama mama asikia Ateso tu, mkataba wa Kiingereza uliosomwa harakaharaka haujamfikia. Ridhaa ya watoto na ya ukoo si sharti la kifungu hicho, lakini katika ardhi ya kimila ndugu asiyeitwa leo ndiye mshtaki wa kesho, na chai ya kuwaalika watu kumi ni rahisi kuliko nauli ya kwenda mahakamani Tororo.

Kwa upande mwingine, mwenzi wa ndoa hawezi kukataa kwa ukaidi mtupu. Sheria yasema ridhaa isinyimwe bila sababu ya maana, na aliyenyimwa anayo njia ya kulalamika. Naye mke au mume anayehofu kwamba nyumba itauzwa kisirisiri anaruhusiwa kuweka zuio kwenye hati, iwe hati miliki au cheti cha umiliki wa kimila, ili yeyote atakayechunguza alikute. Ni jambo ambalo kina mama wengi hawalijui. Kina baba wanaolijua hawalitangazi.

Yafanana na hayo mauzo ya nyumba ya marehemu. Kaka mkubwa arudipo kwa Krismasi akakuta mjane wa nduguye peke yake, huona ni haki yake kuuza kipande cha barabarani ili "kumaliza mambo ya matanga". Hana haki hiyo. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyepewa barua za usimamizi, na marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yameongeza ulinzi wa mjane na watoto katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu. Ukiambiwa "mwenye nyumba alifariki, mimi ni mdogo wake", omba kuona barua hizo kabla hujaulizia bei.

Sasa tuje kwenye karatasi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya kimila, haina hati miliki, na hilo halimaanishi kwamba haina mwenyewe. Sheria imeweka cheti cha umiliki wa kimila. Mwombaji huenda kwa kamati ya ardhi ya eneo; kamati hubandika tangazo, na mkutano wa kusikiliza madai haufanyiki kabla ya wiki mbili kupita; kisha kamati hukagua mipaka, husikiliza majirani, na mapendekezo yake hupelekwa kwenye bodi ya ardhi ya wilaya. Wiki hizo mbili ndizo ninazozipenda kuliko muhuri wowote. Mdanganyifu aweza kununua muhuri. Ni shida kwake kununua ukimya wa kijiji kizima kwa siku kumi na nne. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hulipa sehemu ndogo tu mwanzoni, au halipi kabisa, hadi muuzaji apate cheti chake. Ikiwa ardhi ina hati miliki, usiridhike na nakala aliyo nayo dalali: nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi uombe uchunguzi rasmi wa daftari, uone jina la mwenye ardhi, rehani za benki na mazuio. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, tusisahau, ni ushahidi kwamba aliona watu wakikubaliana. Si hati ya umiliki.

Kiangazi chenyewe nacho ni dalali asiyeaminika. Mwezi wa Januari bonde hukauka, majani ya kinamasi hukatwa na kuchomwa, na pahali ambapo mwezi wa Mei huvuliwa kambare huonekana kama uwanja wa mpira. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, imeyaweka maziwa, mito na ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote. Hakuna baba, ukoo wala mwenyekiti awezaye kuyauza. Anayejenga humo hupoteza mara mbili, kwanza kwa maji, kisha kwa amri ya kubomoa. Tazama ukuta wa nyumba ya jirani wa upande wa chini: maji ya mwaka jana huacha mstari. Tazama miti inayoota. Waulize watoto, maana wao hawana kamisheni, wapi huogelea wakati wa mvua. Vivyo hivyo uulize kuhusu hifadhi ya barabara na ya reli, kwa kuwa njia ya reli itokayo Tororo kuelekea Mbale na Gulu ina ardhi yake, hata pale ambapo mihogo imepandwa hadi kwenye mataruma.

Kuhusu vipimo, nina neno moja la hesabu. Dalali akisema kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni moja ya nane ya ekari, amekosea. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ina futi za mraba 43,560, na moja ya nane yake ni 5,445. Tofauti ni ukanda wa futi 50 kwa karibu futi 9, nafasi ya jiko na choo. Tena hapo bado hatujasema kwamba wengi hupima kwa hatua, na hatua za muuzaji ni fupi. Mlete mpima ardhi mwenye leseni, majirani wakiwapo, na mchunguze kama mimea ya mpakani imekua hapo kwa miaka au ilihamishwa juzi. Udongo mpya kwenye shina husema.

Liko jambo la mpaka wa nchi. Sisi wa Mukuju, Malaba na Busia tuna ndugu upande wa pili. Mteso wa Amagoro na Mteso wa Mukuju huzikana na kuoana kana kwamba hakuna forodha. Sheria ya ardhi, hata hivyo, yaiona forodha. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi huku kwa umiliki wa kudumu. Anaweza kupangishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, yamwekea Mganda kikomo hichohicho akienda kule, na ardhi ya kilimo nchini Kenya yahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila kibali hicho mauzo ni batili.

Kwa sababu ya vizuizi hivyo watu wamebuni njia ya mkato: shemeji wa upande huu ananunua kwa jina lake, fedha zikitoka kwa ndugu wa upande ule. Wakati wote wawili wakiwa hai na wakipendana, hakuna tatizo. Lakini shemeji hufa. Watoto wake hukuta mkataba wenye jina la baba yao, na mjomba wa Kenya aliyejenga nyumba huwa mgeni katika sebule yake mwenyewe, akiwa na barua za simu na kumbukumbu za mazungumzo. Nimeona wazee wakilia kwa ajili ya jambo hili, na sikuwa na faraja ya kisheria ya kuwapa.

Mwisho, kuhusu sisi polisi. Kituo si mahali pa kuandikia mikataba ya mauzo, na askari anayekubali kuwa shahidi wako kwa malipo anakuandalia matatizo. Polisi haamui nani mwenye ardhi. Hiyo ni kazi ya mahakama, na baraza la LC lina nafasi yake katika ardhi ya kimila. Tunachochunguza ni jinai: kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano, kughushi sahihi, muhuri au hati, kuvunja mlango wa mtu na kubomoa. Kufungua jalada hakulipiwi. Dhamana ya polisi hailipiwi.

Ukija, njoo na mkataba wa asili, si nakala. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute. Andika majina ya walioshuhudia, siku, saa na mahali fedha zilipohesabiwa, na jina la dalali kama alivyolitaja yeye mwenyewe, pamoja na namba aliyokupigia. Kama nyumba bado ina mtu ndani, usivunje kufuli wala usiingize vyombo vyako, hata kama karatasi yako ina muhuri, maana hapo utakuja kwetu ukiwa mlalamikaji na kuondoka ukiwa mshtakiwa.