Somo la wiki: Terminali na bili ya kompyuta ya kukodi

BAADHI ya kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta hazinunui tena mashine kubwa kwa kila mtaalamu. Hukodi kompyuta za mbali kupitia intaneti, mtindo unaoitwa “wingu”, na hulipa kwa saa. Nafuu ipo, lakini inaweza kuliwa kimya kimya na dirisha dogo la kuandikia amri, yaani terminali.

Awali, wengi walifungua madirisha mawili: kihariri cha kuandikia programu, na terminali ya kuiendesha. Mwaka 2016, kihariri cha Visual Studio Code cha kampuni ya Microsoft kiliwekewa terminali ndani yake, na kazi zote mbili zikafanyika mahali pamoja.

Kihariri hicho kinapounganishwa na kompyuta ya kukodi, terminali huonekana kwenye kioo cha mtaalamu, lakini amri hutekelezwa kwenye mashine ya mbali. Ndiyo maana kompyuta hafifu ya mezani huweza kufanya kazi nzito. Lakini bili hufuata saa ambazo mashine ya mbali imewaka, si saa ambazo mtaalamu amekaa kitini.

Mfano ni huduma ya Codespaces ya GitHub. Mwaka 2022 mashine yake ndogo, yenye viini viwili, ilitozwa senti 18 za dola kwa saa. Mtaalamu anayeitumia saa 8 kwa siku 22 hufikisha saa 176, sawa na dola 31.68 kwa mwezi. Ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, saa ni 720 na bili ni dola 129.60. Kwa wataalamu 10, tofauti ni dola 979.20 kila mwezi.

Kufunga dirisha si kuzima mashine. Kwa kawaida huduma hiyo huizima yenyewe baada ya dakika 30 bila shughuli. Hata hivyo, maandishi yanayotoka kwenye terminali huhesabiwa kuwa shughuli. Amri iliyosahaulika, inayotoa mstari mmoja kila dakika, yatosha kuiacha mashine macho na mita ikisoma.

Mwenye kampuni anashauriwa mambo matatu. Kwanza, aweke kikomo cha matumizi kabla ya kazi kuanza. Pili, wataalamu wasimamishe amri na kuzima mashine wanapoondoka. Tatu, mashine zisizohitajika zifutwe kabisa, kwani hata iliyozimwa hutozwa nafasi ya kuhifadhi kazi.

Kwa anayeuza kwa shilingi na kulipia huduma hii kwa dola, uzembe huo humgharimu zaidi kila shilingi inaposhuka. Kukodi kuna faida kwa anayejua kuzima.