Hodi ya Idris Elba

Wasomaji wa Singida mjini, Ikungi na Kiomboi wanauliza kuhusu No Good Deed, filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Sam Miller. Mhakiki wetu anajibu, na mwisho wa hadithi anautoboa.

Hadithi yenyewe ina jipya?

Haina. Mfungwa ametoroka, mvua inamwagika, mama yuko nyumbani Atlanta na watoto wawili, mume kasafiri. Aliyewahi kukesha banda la video anajua kinachofuata. Hata hivyo, ilipotoka ilishika namba moja Marekani wikiendi ya kwanza. Watazamaji wengi huipenda hofu wanayoijua njia zake.

Basi uzuri wake uko wapi?

Mlangoni. Colin, anayeigizwa na Idris Elba, havunji kitu. Anabisha hodi akiwa ameloa, damu inamtoka kwenye paji la uso, anaomba simu. Terri (Taraji P. Henson) anampa simu akiwa bado nje, kisha anamwonea huruma, anamkaribisha ndani, anamfunga kidonda. Kila hatua ni ustaarabu wa kawaida, na kwa kila hatua mtazamaji anajikunyata. Sisi tuliolelewa kumkaribisha mgeni aliyenyeshewa hapo tunabanwa hasa, maana wengi wetu tungefanya vilevile.

Tazameni pia mwavuli. Rafiki yake Terri, Meg, anafika, anauawa garejini, na Colin anasema ameondoka. Mvua bado inanyesha na mwavuli wa Meg umebaki. Hakuna muziki wa kutisha unaoweza kufanya kazi ya mwavuli ule.

Inaharibikia wapi?

Mara tu baada ya hapo. Simu imekatwa, visu havipo jikoni, na kuanzia hapo ni kukimbizana. Terri anamwangusha adui, kisha anamwacha chini bila kumfunga hata kamba. Naye, bila shaka, anainuka. Huyu mama aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa kesi za wanawake waliopigwa, lakini mwandishi anamsahaulisha kazi yake mpaka dakika za mwisho. Na kwa kuwa steringi hafi, roho inatulia mapema mno.

Halafu kuna ile siri: Colin hakuja kwa bahati mbaya, mume wa Terri alikuwa na uhusiano na mchumba wa zamani wa Colin. Wengine wameisifu. Mimi naona inapunguza hofu, kwa sababu adui asiye na sababu anaweza kubisha kwako pia. Huyu alikuwa na anwani yake.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri atafute Wait Until Dark ya 1967. Audrey Hepburn anaigiza kipofu, anavunja taa ili wavamizi nao wasione.

Mbona Terri hakupiga yowe?

Angemwita nani? Filamu za aina hii husimama juu ya nyumba ambayo jirani hasikii. Kijijini Mkalama yowe moja linatoa watu na fimbo. Watunzi wetu wanaoiga wanaishia kukodi jumba lenye ukuta na geti, kisha hawajui wafanye nini na mlinzi.

Singida ina hadithi yake ya namna hii?

Inayo, na inatisha kuliko hiyo. Miaka ya 1940 watu waliuawa Unyaturu, majeraha yakifanana na ya simba. Serikali ya kikoloni ikasema ni binadamu waliovaa ngozi, ikakamata watu, wengine wakanyongwa. Wasomi wamebishana baadaye kuhusu nini hasa kilitokea. Hebu mtunzi aichukue: familia ndani ya tembe yenye mlango mmoja, nje kuna kitu, hakijulikani ni mnyama au mtu. Yowe linapigwa, majirani wanakuja mbio, wanabisha hodi. Na mwenye nyumba hajui kama miongoni mwao yumo aliyekuwa nje tangu mwanzo.